Dohani isiyotumika: kuzuia upepo bila kuifungia nyumba unyevu

Swali: "Shikamoo mtaalamu. Mwaka jana mimi na mume wangu tulihamia katika nyumba ya zamani ya mawe kwenye mteremko wa Isamilo, hapa Mwanza. Sebuleni kuna meko ya kuotea moto yaliyojengwa ukutani, na dohani yake inatokeza juu ya bati. Hatujawahi kuwasha moto humo. Alasiri hushuka upepo wenye harufu ya masizi, na vumbi jeusi linatua kwenye makochi. Usiku, hasa mwezi wa saba, baridi hupita chini ya mlango wa mbele mpaka tunalazimika kumhamisha chumba mtoto wetu wa miezi saba. Mvua ikinyesha, maji hudondoka mekoni. Wadudu wa ziwani wakija hujaa sebule nzima hata madirisha yakiwa yamefungwa. Fundi mmoja ameshauri tumimine zege juu na kujenga tofali chini, tusahau kabisa. Jirani anasema tujaze viroba vyenye sponji ya godoro. Mama mkwe anapinga yote mawili, kwa sababu umeme ukikatika huweka jiko la mkaa ndani ya meko hayo na kupika bila moshi kujaa ndani. Nani yuko sahihi, na tufanye nini?"

Marahaba, dada. Kabla ya jambo jingine lolote, naomba leo hii umwambie mama, kwa heshima zote, kwamba jiko la mkaa lisiwekwe tena ndani ya meko hayo, hata kama hamjaanza kuziba chochote. Sababu nitaieleza baadaye kidogo, kwa kuwa haieleweki vizuri mpaka kwanza tujue hewa inavyotembea ndani ya dohani.

Hofu yako ina sehemu nne: upepo wa alasiri, baridi ya usiku, maji ya mvua, na wadudu. Zote zina uhusiano na tundu moja, lakini hazizuiliwi mahali pamoja. Maji huzuiliwa juu, upepo na wadudu huzuiliwa chini, na kati ya juu na chini dohani lazima iachiwe nafasi ndogo ya kupumua. Ushauri mlioupata unakosea hapo, kwa sababu kila mmoja ameona sehemu yake tu ya tatizo.

Wengi hudhani kwamba dohani isiyowashwa moto imelala tu, haifanyi kazi yoyote. Sivyo. Dohani ni bomba lililosimama wima, na bomba la namna hiyo huivuta au kuishusha hewa kila panapokuwa na tofauti ya joto kati ya ndani na nje, moto uwepo au usiwepo. Hewa ikipata joto hupanuka, na ikipanuka huwa nyepesi. Kwa kila nyongeza ya nyuzi 10 za Selsiasi wepesi huo huongezeka kwa takriban asilimia 3. Asilimia 3 inaonekana ndogo, lakini ndani ya bomba lenye urefu wa mita 6 inatosha kuisukuma hewa usiku kucha bila kuchoka.

Sasa tazama nyumba yako wakati wa usiku. Kuta nene za mawe hukusanya joto la jua mchana kutwa, kisha hulitoa polepole baada ya magharibi. Mwanza iko kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na usiku wa mwezi wa saba joto la nje huweza kushuka hadi karibu na nyuzi 16, huku sebule yako ikiwa bado na nyuzi 23 au 24. Hewa ya sebuleni, iliyo nyepesi, hupanda kupitia dohani na kutoka juu. Nyumba haiwezi kubaki tupu, kwa hiyo kiasi kilekile cha hewa kilichotoka juu huingia kupitia kila upenyo ulio chini, na upenyo mkubwa kuliko yote ni ule wa chini ya mlango wa mbele. Baridi inayomsumbua mtoto inaingia mlangoni, lakini anayeiita ni dohani. Ndiyo sababu watu hubadilisha milango, huongeza vizingiti, huweka matambara, na bado baridi inaendelea kutafuta pa kupita.

Kuhusu kiasi, tufanye hesabu ndogo. Dohani nyingi za nyumbani zina tundu la kama sentimita 30 kwa 30. Tukikadiria kwamba hewa hupanda kwa mwendo wa nusu mita tu kwa sekunde, ambao ni mwendo mdogo sana, kila saa hutoka zaidi ya mita za ujazo 160. Sebule ya mita 4 kwa 5 yenye dari ya mita 3 ina mita za ujazo 60. Maana yake ni kwamba hewa yote ya sebule hubadilishwa zaidi ya mara mbili kwa saa, usiku mzima, wakati ninyi mmelala.

Alasiri mambo hugeuka. Jua huipasha joto nchi kavu upesi kuliko ziwa, hewa ya nchi kavu hupanda, na upepo wa ziwani huja kuchukua nafasi yake. Wakati huohuo mawe ya nyumba yako bado yana ubaridi wa usiku, na hewa iliyo ndani ya dohani, ikiwa baridi na nzito kuliko ile ya nje, huteremka yenyewe hadi mekoni na kutoka na harufu ya masizi. Mkifungua mlango wa upande usioelekea ziwani, upepo unaopita kando ya nyumba huivuta hewa ya ndani itoke kupitia mlango huo, na dohani hujibu kwa kushusha hewa zaidi. Kwa nyumba za Isamilo kuna jambo jingine la kuangaliwa, nalo ni majabali. Upepo unaovuka jabali au paa lililo refu kuliko dohani hauendelei moja kwa moja. Hujipindua na kuporomoka upande wa pili, na dohani iliyo hapo hupokea mporomoko huo mdomoni. Kanuni inayotumika sana katika ujenzi ni kwamba dohani iwe juu angalau kwa sentimita 60 kuliko kitu chochote kilicho ndani ya umbali wa mita 3 kutoka kwake. Simama nje uitazame yako. Ikiwa imezidiwa na jabali au na paa la jirani, basi upepo wa alasiri umepata maelezo yake ya pili.

Usinisadiki mimi tu, jaribu mwenyewe. Washa kijiti kimoja cha udi, ukishike mbele ya mdomo wa meko madirisha yakiwa yamefungwa, na utazame moshi unaelekea wapi. Fanya hivyo alfajiri, saa nane mchana na saa nne usiku, kwa siku mbili tatu, na uandike. Nimefanya jaribio hili katika nyumba nyingi zilizo kando ya ziwa, na mara nyingi usiku moshi huingia dohani, na mchana hurudishwa chumbani. Kisha peleka udi huohuo chini ya mlango wa mbele usiku, kwanza meko yakiwa wazi, halafu mume wako akiwa ameuziba mdomo wa meko kwa boksi kubwa lililokunjuliwa. Ukiona moshi wa mlangoni umetulia, utakuwa umempata mkosaji.

Hapa sasa narudi kwa mama mkwe. Kwa jambo moja yuko sahihi: dohani iliyo wazi na inayovuta vizuri huondoa hewa chafu ya jiko. Lakini umeona kwamba dohani yenu haivuti wakati wote, na alasiri huteremsha hewa badala ya kuipandisha. Jiko dogo la mkaa lina joto ambalo huenda lisitoshe kuigeuza hewa inayoshuka, na hapo kila kinachotoka kwenye mkaa hurudi sebuleni. Mama anapima usalama kwa kutazama moshi, nao mkaa uliokolea hauna moshi. Unachotoa ni kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Mtu huanza kuumwa kichwa, kuona kizunguzungu, kusikia kichefuchefu na usingizi mzito, naye hudhani ni uchovu. Mtoto mchanga hawezi hata kusema kwamba kichwa kinamuuma. Watu wawili wa nyumba moja wakianza kuumwa kichwa kwa pamoja wakati jiko limewashwa ndani, tokeni nje wote, watoto wakitangulia, kisha mwende hospitali siku hiyohiyo hata kama mnajisikia nafuu. Umeme ukikatika, mama apikie barazani au katika jiko la nje lililo wazi pande mbili. Mkishaziba dohani, katazo hili halina nafasi ya kujadiliwa hata kidogo.

Fundi wenu ameona vizuri kwamba maji yazuiwe juu na upepo uzuiwe chini. Anakosea kwa kutaka kuifunga dohani kama chupa. Ndani ya dohani ya zamani kuna masizi ya miaka mingi, na ndani ya masizi hayo na kuta zake mna chumvi zilizoachwa na moshi. Chumvi hizo hunyonya unyevu kutoka hewani. Tena maji hayaingii kwa mdomo wa juu pekee. Hupenya pia kwenye nyufa za lipu na pale dohani inapokutana na bati. Maadamu hewa inapita, unyevu huo hukauka. Mkiziba juu na chini kabisa, unabaki humo, unasafiri polepole kupitia ukuta, na baada ya masika moja au mawili mtaona madoa ya kahawia kwenye ukuta wa sebule ulio juu ya meko, rangi ikivimba na kubanduka. Watu hupaka rangi upya, doa hurudi, wanapaka tena. Nimeitwa mara nyingi kutazama ukuta unaosemekana una bomba la maji lililopasuka, kumbe ni dohani iliyozibwa kwa nia njema.

Zege lina ubaya wa ziada. Ni zito, na likishamiminwa haliondoki bila tindo na nyundo juu ya dohani nzee iliyojengwa kwa chokaa. Pia hunywea linapokauka, likaacha mwanya mwembamba pembezoni, na mwanya huo huyapokea maji ya mvua kwa urahisi kuliko unavyoruhusu ukuta ukauke.

Wazo la jirani si la kubezwa. Uingereza, ambako dohani ni nyingi, watu huziba kwa mifuko inayojazwa upepo au kwa vizibo vya sufi ya kondoo, na kiroba cha sponji ni jamaa wa karibu wa vitu hivyo. Kwa wiki chache, kama njia ya kumwokoa mtoto na baridi mkingoja fundi, kinafaa. Lakini sponji hunywa maji yanayodondoka na kuoza, panya huipenda kwa kutengenezea viota vyao, na ikishika moto hutoa moshi wenye sumu kali. Mkiitumia, ifungwe ndani ya nailoni nzito, isukumwe mahali ambapo mkono unafika, na ining'inizwe kamba nyekundu inayoonekana mekoni, ili mgeni yeyote asije akawasha moto bila kujua kwamba juu kuna kizibo.

Mimi ningeanzia juu. Mwiteni fundi bati awatengenezee kofia ya dohani: bati nene lililopigwa rangi ya kuzuia kutu, lenye mteremko, likiwa limesimama juu ya miguu minne ya chuma, na kuacha nafasi ya kama sentimita 20 kati yake na mdomo wa dohani. Mvua zetu mara nyingi huja na upepo, hasa zile radi za usiku wa manane na alfajiri zinazotokea ziwani, kwa hiyo ukingo wa kofia utokeze nje ya dohani kwa upana wa kiganja kila upande, na miguu ifungwe kwa boliti, si kwa misumari. Pembeni uzungushwe wavu wa chuma wenye matundu ya milimita 6 hadi 10. Wavu huo utawazuia popo na mbayuwayu. Usimruhusu fundi aweke wavu wa mbu kule juu, hata kama akili inakuambia kwamba ndio utakaozuia wadudu wa ziwani, kwa sababu wadudu hao na masizi wataujaza upesi, na hakuna atakayepanda kuusafisha. Wavu wa mbu tutauweka chini, mahali ambapo unaweza kuufuta kwa brashi.

Akiwa huko juu, fundi aangalie pia maungio ya dohani na bati. Hapo ndipo ninapokuta uvujaji mara nyingi zaidi kuliko kwenye mdomo wenyewe. Bati la maungio linatakiwa liingie ndani ya ukuta wa dohani, kwenye mfereji uliochimbwa, kisha lifunikwe. Likiwa limebandikwa tu kwa lami au silikoni, litaachia ndani ya misimu michache ya jua.

Kabla ya kufunika juu, lazima dohani ichunguzwe na kusafishwa, na kazi hii msiifanye wenyewe. Mkisikia mvumo wa nyuki, muiteni mrina asali, na asiwepo mtu wa kuwasha moshi mekoni kujaribu kuwafukuza, kwa kuwa watatokea sebuleni. Kukiwa na popo, subirini mpaka watoke jioni, na mhakikishe hakuna wadogo waliobaki. Kinyesi chao kikavu kikitifuliwa huweza kubeba vimelea vya ukungu vinavyoshambulia mapafu, hivyo kilowanishwe kwanza, msafishaji avae barakoa nzuri, na mtoto asiwepo nyumbani siku hiyo. Ikiwa nyumba ina bati za asbestosi, au kuna vibao vya kijivu vinavyofanana na saruji ndani ya meko, visikatwe wala visitobolewe mpaka vitazamwe na mtu anayevijua. Vilevile msiwashe moto "wa kuikausha" dohani. Viota na masizi makavu huwaka haraka, na dohani yenye nyufa hupeleka moto huo kwenye kenchi.

Chini, kwanza ingiza mkono kwa tahadhari juu kidogo ya mdomo wa meko, uone kama kuna kilango cha chuma. Meko mengi yalijengwa nacho. Kikipigwa brashi na kutiwa mafuta huweza kufunga, ila hakizuii kila kitu kwa kuwa chuma cha zamani kimepinda. Kwa hiyo ningetengeneza kifuniko cha ubao: plaiwudi ya milimita 12 au 18 iliyokatwa kufuata umbo la mdomo, ikazungushiwa mpira wa kuzibia milango, na kushikwa kwa komeo mbili ndogo ili iweze kutolewa. Sehemu ya chini ya ubao huo itobolewe tundu la kama sentimita 20 kwa 10, liwekwe wavu wa mbu, na kuwe na kilango cha kuteleza cha kulipunguza. Utaniuliza kwa nini tufanye tundu wakati tunazuia upepo. Tundu hilo ni kama sehemu moja ya tano ya eneo la dohani mliyo nayo sasa, na mkilipunguza kwa nusu usiku wa baridi, baridi ya mlangoni haitakuwa ile mnayoijua, huku dohani ikiendelea kukauka.

Nina sababu nyingine ya kupendelea ubao kuliko tofali. Kuna jioni za mwezi wa tisa na wa kumi ambapo nyumba ya mawe hubaki na joto mpaka usingizi haupatikani. Usiku kama huo, dohani inayovuta hewa juu ni rafiki: toa ubao, uache wavu wa mbu uliofungwa kwenye fremu yake, na hewa ya ndani itapanda na kutoka bila feni. Tofali lingewanyima hilo. Hata hivyo, kama familia inaamua kwa hakika kwamba haitaki kuyaona meko tena, tofali si dhambi. Lijengwe kwa mchanganyiko wenye chokaa na saruji kidogo, na tundu lilelile la hewa libaki, lenye wavu.

Kubomoa dohani yote ni shauri ambalo mtu atawapa siku moja, nami nawasihi msilikubali kwa maneno ya fundi peke yake. Mita moja ya ujazo ya tofali ina uzito unaokaribia tani 1.8, na katika baadhi ya nyumba za zamani dohani husaidia kuubeba ukuta au kenchi.

Upenyo wa chini ya mlango wa mbele uzibeni mwishoni, baada ya dohani. Mpira wa kuburuza chini ya mlango unatosha, na pengine mtaona kwamba hata huo hauhitajiki sana.

Haya yote naandika bila kuiona nyumba yenu, na kuna dalili ambazo zinanizuia kuendelea kushauri kwa mbali. Ikiwa dohani imeinama inapotazamwa kutoka barabarani, ikiwa kuna ufa kwenye ukuta wa meko unaoweza kupitisha sarafu, ikiwa mawe au vipande vya tofali vimewahi kuanguka mekoni, au ikiwa doa la unyevu linaongezeka hata wakati wa kiangazi, mwiteni mhandisi wa majengo aje aione kwa macho kabla fundi bati hajaegemeza ngazi yake. Kama hakuna hata moja kati ya hayo, kofia ya juu na maungio vikamilike kabla ya mwezi wa kumi, vuli isije ikaikuta dohani wazi, na ubao wa chini mnaweza kuuweka wiki hii hii kwa ajili ya mtoto.